Mstari Uliokataliwa

Masama, Jumapili baada ya ibada

Shikamoo kaka Anaeli,

Mama hajambo, goti tu ndilo linalomsumbua. Ng'ombe amezaa ndama jike, na kahawa ya kihambani, shamba letu la nyumbani, imechanua vizuri.

Ile programu yetu ya pampu ya dripu ya watoto wachanga nimeiandika upya, nikaitoa kwenye lugha ya kompyuta ya C nikaipeleka kwenye Rust, inayokagua kila mstari kabla ya kuukubali. Ulisema Rust itatuchelewesha, na kweli imenila miezi mitano. Lakini C ililiacha kosa likapita kimya, na siku ya majaribio pampu ikamwaga mara mbili ya kipimo. Bahati ilikuwa ndoo ya maji, si mtoto.

Kwenye kikao cha baada ya majaribio nilisema mbele ya madaktari kwamba kosa ni lako. Uliondoka, na tangu hapo hupokei simu zangu.

Juzi Rust ilikataa mstari mmoja niliouhamisha kama ulivyokuwa. Ndio uliovuruga kipimo. Nikafungua rekodi ya mabadiliko ya programu nione uliuandika lini. Kumbe niliuandika mimi, wiki uliyokwenda kumzika baba mkwe. Chini yake uliacha maneno, siku moja kabla ya kikao: "Nimuulize Elisifa tukiwa wawili."

Madaktari nimeshawaambia ukweli. Haya yote ningeweza kukutumia kwenye simu, ila jani la masale la kuomba radhi halitumwi kwa simu. Nimelichuma mpakani mwa shamba, nikalifunga fundo, limo ndani ya bahasha. Kwetu halikataliwi, lakini wewe una haki ya kulikataa.

Mdogo wako,
Elisifa