Kiti Kuelekea Langoni

Jumatatu, 12 Januari 2026
Miaka ishirini na minane na miezi mitano tangu nitoke Kwale. Leo nimeketi darasani hapa Kinondo, Kwale hiyo hiyo, Gredi ya Pili, nami nina miaka sabini na sita.

Ni kwa ajili ya Twaiba, mjukuu wangu. Ana miaka minane, ana usonji. Mwalimu mkuu amemkubali kwa sharti: ifikapo Ijumaa, tarehe 6 Februari, awe anakaa darasani bila jamaa ubavuni. Akishindwa, ni shule maalumu ya bweni, mbali na mamake. Si mtu mbaya. Watoto sitini na mmoja, mwalimu mmoja. Binti yangu Rispah ni dobi hotelini, na mumewe Abubakar ni fundi umeme huko huko. Ndipo nikaitwa kutoka mji wa Wote, huko bara. Nimekuja na begi moja na kiti cha kukunja, kile cha kazi yangu ya kupima mashamba.

Jumanne, 13 Januari
Bi Hanifa aliingia, darasa zima likasimama kumwamkia kwa pamoja. Sauti ilitikisa mabati! Twaiba akaziba masikio, akaingia chini ya dawati. Nikainama nikamvumia kama nyumbani — mvumo mmoja wa chini, hauna wimbo. Baada ya dakika sita akatoka, akagusa kifungo cha pili cha shati langu. Hiyo ndiyo shikamoo yake. Nami huitikia marahaba moyoni.

Jirani yake wa dawati ni Mwanatumu, ulimi kama wembe. Aliwaambia wenzake kuwa babu anavuma kama jenereta ya hoteli. Wakaniiga hadi mapumziko. Kisha akaniuliza nimerudia darasa mara ngapi. Nikasema ni hesabu zilizonirudisha. Akasema pole, atanisaidia.

Alhamisi, 22 Januari
Nilidhani mambo yanakwenda vizuri. Twaiba anaandika, hapigi kelele. Lakini Bi Hanifa aliniweka kando baada ya masomo, kwa adabu zote, akanionyesha nisichokiona. Watoto wakitaka kujua Twaiba anataka rangi gani, wananiuliza mimi. Mwanatumu akimpa kifutio, ananikabidhi mimi. Na Twaiba mwenyewe hashiki kalamu mpaka anitazame.

"Mzee wangu," akasema, "wanazungumza na wewe. Yeye wanamruka."

Niliitwa niwe daraja, nimekuwa ukuta. Tumekubaliana kiti kirudi nyuma kidogo kila siku.

Ijumaa, 23 Januari
Nimepima. Kutoka dawati lake hadi langoni, hatua arobaini na mbili. Nimechonga vigingi vidogo. Maisha yangu yote nilipigilia vigingi ili watu wajue pa kukaa.

Leo hatua tano, nyuma kabisa ya darasa. Amegeuka kunitazama mara kumi na tisa.

Jumapili, 25 Januari
Abubakar amesema nipande pikipiki anipeleke nikalione shamba letu la zamani. Si mbali, hata robo saa haifiki. Nikasema kesho. Jumapili iliyopita pia nilisema kesho.

Nilipanda mikorosho kumi na mmoja pale. Wa nne kutoka barabarani ulikuwa ukitangulia kuzaa. Agosti ile ya tisini na saba, watu waliposema wa bara waondoke, nilitoka bila kuhesabu hata hatua moja — mimi! Jirani yetu Boga, mwenyeji wa pale, alimbeba Rispah mgongoni hadi barabarani, akasimama naye mpaka lori likaja. Kila msimu huko Wote huuota moshi wa korosho. Sijui nitasema nini nikiikuta miti imekatwa. Au nikiikuta imesimama, chini yake watoto wa watu wengine.

Jumatano, 28 Januari
Barazani. Hatua kumi na moja. Bi Hanifa amebadilisha maamkizi: sasa wanasimama, wanainua viganja, wanaamkia kwa kunong'ona. Sitini na mmoja wakinong'ona ni kama mchanga unaomwagwa. Twaiba hakuingia chini ya dawati.

Amegeuka mara saba.

Jumatatu, 2 Februari
Hatua thelathini, kivulini mwa jiko la shule. Mpishi amenipa uji. Amegeuka mara mbili. Niliingoja ya tatu hadi kengele.

Alhamisi, 5 Februari
Asubuhi nilimleta mpaka mlangoni pa darasa. Nikainama, kifua mbele, kama kawaida. Akanipita. Akaenda dawatini, akagusa kifungo cha sare ya Mwanatumu. Mtoto yule akaitikia kwa sauti, "Marahaba," kama bibi mzima.

Nimefurahi. Nimefurahi. Naandika mara mbili ili niamini.

Ijumaa, 6 Februari
Hatua arobaini na mbili. Nje ya lango, kiti kwenye mchanga. Mwalimu mkuu yumo darasani na faili lake tangu saa tatu.

Saa tatu na nusu lori limemwaga kokoto nyuma ya darasa. Halikutoa onyo! Mara kilio cha Twaiba. Nakijua, si cha mtoto mwingine. Niliinuka, mkono ukafika kwenye komeo la lango. Bi Hanifa alitokea mlangoni pa darasa, akaniinulia kiganja. Si kuniamkia. Kaa.

Nimeutoa mkono. Naandika ili nisiurudishe. Anagonga dawati sasa. Dakika nne. Mwalimu mkuu hajatoka.

Dakika ya sita. Kuna sauti nyingine chini ya kilio — mvumo. Mmoja kwanza, kisha wengi, hauna wimbo. Jenereta ya hoteli! Darasa zima.

Bado analia. Kiti nimekikunja, naandika wima. Ndani sitarudi.