Nilikikana Kiswahili Mlangoni pa Kanisa

Jumapili, hapa Buraza, Burundi. Mvua imekatika alfajiri, lakini baridi haijaondoka, na mimi tangu nirudi kanisani sijataka kuongea na mtu. Watoto wameniuliza kama naumwa. Nimewaambia kichwa.

Si kichwa. Ni aibu.

Kwa wanaosoma humu bila kunijua: mimi ni Mrundi niliyekulia Tanzania, kambi ya wakimbizi kule Kigoma. Tulirudi, tukapata shamba la babu, sasa tunalima mihogo na maharage kama majirani. Kirundi changu kinapita, ila kina lafudhi ya kuchekesha, kwa hiyo hapa naitwa "Mswahili". Tanzania neno hilo lisingenisumbua. Huku ukiitwa hivyo maana yake wewe ni Muislamu, au mjanja wa mjini asiyeaminika. Wakinamama wa kanisani wakinitania hivyo nacheka nao, halafu nikifika nyumbani nanuna mpaka maharage yanaungua.

Kanisa letu la Anglikana ni la zamani sana, la matofali mekundu, limejengwa enzi za wamisionari. Watu hutoka Gitega, wengine hata Ulaya, kuja kulitazama. Leo ilikuwa ibada ya shukrani kwa sababu paa limetengenezwa upya, na kwa mara ya kwanza nilipewa kazi ya kupokea watu mlangoni. Mama Espérance, mkubwa wetu wa mapokezi, alinionya mbele ya wenzangu kwamba leo hataki kusikia Kiswahili pale, wageni wasije wakadhani wamepotea njia wameingia msikitini. Wote wakacheka. Na mimi nikacheka.

Wiki nzima nilikuwa najifunza kusema "Murakaza neza", yaani karibuni, bila kuvuta maneno. Nilisema hata jembe likiwa mkononi.

Basi, kabla magari ya wageni hayajafika, akaja mwanaume mmoja wa rika langu, amevaa baraghashia. Huko barabarani walikuwa wamemwambia kwamba dada wa mlangoni katoka Tanzania. Akanisalimia kwa Kiswahili cha Kigoma, kile kile nilicholelewa nacho, jamani, nusura nimkumbatie.

"Dada, nimemleta mama kutoka Gashoho," akasema. "Alibatizwa humu akiwa mtoto, kabla hajaolewa na baba yangu. Anauliza kama anaweza kuingia na mtandio wake."

Nikatazama. Kwenye jiwe karibu na uzio alikaa bibi mmoja, mtandio wa kahawia kichwani, miguu ameinyoosha kwa uchovu. Kutoka Gashoho, kule kaskazini mkoani Muyinga, mpaka hapa! Lazima walilala njiani. Nyuma yangu alikuwa amesimama Mama Espérance, nasikia manukato yake.

"Sinumva Igiswahili," nikamjibu yule kaka. Yaani, sielewi Kiswahili.

Mimi. Mimi ninayeota kwa Kiswahili. Mimi ambaye nikipata shida ya kweli, sala inanitoka kwa Kiswahili.

Akashtuka. Akajaribu Kirundi, na chake ni kibovu kuliko changu, maana kazaliwa kule kule Kigoma. Ningeweza kumsaidia kwa kumwitikia kwa kichwa tu. Badala yake nikamwonyesha mkono kwamba asubiri, nikageukia barabara. Akarudi kwa mama yake.

Magari yakafika. Ningependa kuandika hapa kwamba kazi ilinizidi nikasahau. Sikusahau. Kila nilipomkaribisha mgeni nilikuwa nawaona wale wawili kwa pembe ya jicho, nikajitia hamnazo. Nilisema "Murakaza neza" mpaka midomo ikakauka. Mzee mmoja wa Gitega hata alinisifu Kirundi changu, na nikafurahi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilifurahi.

Ibada ikaanza. Wimbo wa pili ulipopigwa, yule bibi kule nje alisimama akaimba. Kirundi safi, wimbo mzima, bila kitabu. Kumbe lugha anaijua kuliko mimi. Aliogopa tu kuja mwenyewe akataliwe mbele za watu, ndiyo maana akamtanguliza mwanawe.

Mama Espérance akachungulia nje. Akaniuliza mbona yule mama nimemwacha kwenye baridi wakati viti vya nyuma viko wazi. Aliuliza kwa mshangao wa kweli. Mtandio aliuona, wala haukumshughulisha.

Nikatamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mwanamke ambaye hakunituma.

Nikatoka mbio kwenye matope. Nikamwamkia yule bibi kwa Kiswahili, nikaomba samahani, nikawaambia waingie, nafasi ipo. Yule kaka alinitazama juu mpaka chini. Mama yake ndiye aliyesema.

"Kumbe we unajua Kiswahili."

Hakukasirika. Afadhali angenitukana. Nikamwambia ukweli, kwamba niliogopa kuchekwa, kwamba nimechoka kuitwa Mswahili. Nikamsihi aingie walau akaone mahali alipobatiziwa.

"Asubuhi nilikuwa na nguvu ya kuingia," akasema. "Saa hii nguvu imeisha."

Mwanawe akaniambia, kwa upole ambao sikuustahili, kwamba wamepanga safari hii miaka na miaka, na kwa miguu ile hadhani kama mama atakuja tena. Akamwinua. Nikashika mkono wa pili wa bibi, nikawasindikiza mpaka barabarani nikiwa nalia kama mjinga. Wao hawakulia. Pale tulipoagana, yule bibi akanipapasa mkono.

"Siku moja ukuje kwetu Gashoho, mwanangu. Kule utaongea Kiswahili yako, hakuna mutu atakucheka."

Kazi ya kukaribisha watu nilipewa mimi.

Nimeshamwambia mume wangu kwamba maharage yakishavunwa nitakwenda Gashoho. Nitaulizia mpaka nipate nyumba yao. Nitapiga hodi kwa Kiswahili, kwa sauti, majirani wasikie. Na kama wataniacha nje, nitasubiri.