Sabuni Iliyopita Getini

Kaka,

Hatujambo, ila paa linavuja. Ulisema viwanda havinunui kwa mtu wa kubisha hodi getini. Haya, nikawaandikia mameneja barua pepe mia mbili, nikapiga simu, nikabandika matangazo. Kimya! Nilisahau kwamba mameneja hawafui. Nikamwachia mlinzi wa kiwanda cha vipuri mche mmoja wa sabuni yetu. Akafulia ovaroli, grisi ikatoka yote, mafundi wakamzonga wakiulizia inakotoka. Jana meneja wao kanipigia: "Ndiwe wa zile barua pepe? Lete katoni arobaini."

Ile karatasi uliyonitumia ya kuuza mashine za sabuni za marehemu mama nairudisha bila sahihi yangu. Nimeitumia kufungia sabuni. Fulia kwanza, ndipo unijibu.

Mdogo wako,
hapa hapa kiwandani kwa mama.