Mama Funika wa Taa ya Nyumba

Bwera, 12 Agosti 2018

Mwanangu Phionah,

Bwana asifiwe. Natumaini hujambo huko Kasese na kile kikohozi kimekuachia. Mimi mzima, ila magoti yananisumbua nikipanda kutoka sokoni. Mbuzi amezaa wawili. Salamu zimekwisha, sasa nisikilize.

Evas wa kwaya ameniletea kijitabu cha miaka kumi ya Taa ya Nyumba, hiyo televisheni yenu ya waya. Nimekisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama maana kukaa kulinishinda. Eti Mzee Zedekia alifunga siku saba mlimani Mahango, akaoneshwa waya ukiingia katika nyumba za Wakristo, ukiwapelekea picha ambazo baba na binti yake wanaweza kutazama pamoja bila kuinamisha macho. Eti tangu siku ya kwanza picha zilichujwa kwa mitambo ya kisasa.

Mitambo gani? Mtambo ulikuwa mimi!

Baba yako Oryem alipotutoka, nilifungua kibanda cha video hapa Bwera, nyuma ya soko. Unakijua, ulikuwa ukilala humo chini ya benchi. Siku za Jumapili akina mama walileta watoto, nami nikaona haya kuwaonesha kila kitu. Basi kila filamu niliitazama kwanza asubuhi peke yangu, nikiandika kwenye daftari: dakika ya kumi na mbili, wanabusiana, funika, dakika ya arobaini, matusi, punguza sauti. Mchana dakika ikifika, nasimama mbele ya skrini na kunyoosha kitenge. Watoto wanapiga kelele, "Mama Funika! Mama Funika!" Zedekia wakati huo alikuwa fundi umeme huko Hima, anakuja kuhubiri siku zake za mapumziko. Alichungulia kibanda kilivyojaa, akaniambia, "Mama, hii kazi yako ya kufunika ndio watu iko nataka. Mimi iko na waya, wewe iko na daftari." Ndivyo ilivyoanza, nikahamia Kasese kumchujia filamu, wala hakuna aliyefunga hata chai ya asubuhi.

Halafu ukurasa wa tano! Picha ya daftari langu, limefunguliwa, mwandiko wangu huu huu unaousoma. Chini yake: "Maono ya mwanzilishi, kwa mkono wake mwenyewe." Mkono wake! Zedekia hajawahi kutazama filamu moja hadi mwisho.

Niambie ni nani aliyeandika upuuzi huu.

Mama yako,
Vasta


Kasese, 19 Agosti 2018

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako Sowedi wa lori la vitunguu ameifikisha salama. Kikohozi kimepona. Pole na magoti, na hongera kwa mbuzi.

Mama, usiliweke moyoni. Kijitabu kina kurasa kumi na mbili tu, hakiwezi kumtaja kila mtu. Wafadhili wanapenda kusikia habari za maombi, hawapendi habari za kibanda cha video. Sherehe ni Jumamosi tarehe 29 Septemba, uwanja wa kanisa, na mimi ndiye nimechaguliwa kuisoma historia mbele ya watu. Hukufurahi hata kidogo kwa ajili yangu?

Nakutumia kitenge cha sherehe na chumvi ya Katwe.

Mwanao,
Phionah


Bwera, 26 Agosti 2018

Phionah,

Chumvi nimeipata. Kitenge kina uso wa Zedekia kila mahali, hata pale mtu anapokalia. Nimekikunja uso ukae ndani.

Sikuuliza kuhusu kurasa. Nilipoondoka Kasese niliacha madaftari yangu kumi na moja kwenye sanduku lako, chini ya nguo zako. Siyo ofisini, wala si kwa Zedekia. Sasa moja limefikaje kwenye kijitabu?

Nijibu hilo tu.

Vasta


Kasese, 23 Septemba 2018

Mama,

Shikamoo. Najua nimekaa wiki nne. Nilianza barua hii mara nyingi nikaichana.

Ni mimi. Kijitabu chote nimekiandika mimi. Mzee aliomba kitu cha zamani cha kupiga picha, nikatoa daftari. Hakuniambia niandike kwamba ni lake. Niliandika mwenyewe, naye alipoona alitabasamu tu akasema, "Iko sawa."

Mama, wewe unajua kilichotokea 2014. Baraza la kanisa lilikaa likasema mwanamke anayetazama uchafu kila siku hawezi kuonekana kwenye televisheni ya Kikristo, wala kushiriki meza ya Bwana hadi atubu. Wakakurudisha Bwera. Mimi nilibaki hapa. Miaka minne wananiita mtoto wa yule mama wa picha chafu. Mwezi wa sita nimepewa kipindi cha watoto, na sikutaka mtu akumbuke. Niliona haya kwa ajili yako. Nimeliandika sasa, afadhali.

Jumamosi nitalisema. Nitakapofika ukurasa wa tano nitaacha kusoma, nitataja jina lako. Nakuahidi.

Mwanao,
Phionah


Bwera, 1 Oktoba 2018

Phionah,

Nilikuja. Hukuniona, nilikaa nyuma pamoja na akina mama wa Kabatoro waliokuja na lori la chumvi. Nilivaa gauni langu la kanisani. Niliwaambia wale wanawake, "Yule pale kwenye kipaza sauti ni binti yangu, ngojeni mumsikie."

Ulifika ukurasa wa tano. Uliinua macho kutoka kwenye kijitabu. Mimi nilikwisha kuinuka kidogo kwenye benchi. Kisha ukasoma, "Kwa mkono wake mwenyewe," na watu wakapiga makofi, na wale wanawake wakanigeukia kuniuliza kama hilo ndilo nililowaambia wasubiri.

Zedekia namwelewa. Mtu akivishwa koti la bure atalivaa. Baraza nalo nililielewa siku nyingi: mimi nilitazama uchafu ili watoto wao wasiutazame, wakanihesabu mimi mchafu. Nani walidhani anachuja, malaika? Hao wote niliweza kuwakasirikia nikalala usingizi. Wewe nashindwa. Wewe ulikuwa unanishikia kalamu. Ulikuwa unaniuliza, "Mama, hii nayo tunafunika?"

Sasa umenifunika mimi.

Usinitumie kitu chochote na Sowedi.

Vasta


Kasese, 9 Oktoba 2018

Mama,

Shikamoo. Najua hukutaka barua. Hii haina mzigo.

Jana, saa kumi na moja jioni, nilikuwa hewani na watoto wa shule ya Jumapili, wanane, wamekaa kwenye mkeka. Kamtoto kamoja ka kike kakaniuliza, "Auntie, nani alianza Taa ya Nyumba?" Kwenye karatasi jibu lilikuwa limeandikwa. Nikaiweka karatasi chini. Nikasema ilianzishwa na watu wawili, fundi wa waya na mwanamke mjane wa Bwera anayeitwa Vasta, ambaye ni mama yangu. Nikawaeleza kibanda, kitenge na dakika. Nikasema daftari lile kwenye kijitabu ni lako, na kwamba uongo ule niliuandika mimi. Watoto walicheka sana habari ya kitenge.

Nilipotaka kueleza habari ya baraza, taa ya kamera ilizimika. Mzee alikuwa mlangoni. Hakupiga kelele. Alisema, "Mtoto ya Vasta, toa vitu yako." Ndivyo alivyoniita, mbele ya watoto.

Niko kwa rafiki yangu Lanyero hadi Jumamosi. Sina kazi. Sijui kama nina pa kurudi, ndiyo maana nauliza kabla ya kupanda gari.

Mwanao,
Phionah


Bwera, 11 Oktoba 2018

Mwanangu Phionah,

Bwana asifiwe. U mzima? Unakula huko kwa Lanyero? Mimi sijambo.

Hapa Bwera waya wenu haufiki, kwa hiyo sikukuona. Lakini Evas amepigiwa simu na dada yake, na dada yake na jirani, na tangu jana watu wanaingia hapa kuniuliza kama ni kweli. Wapo wazee wa hapa waliokaa kwenye baraza lile. Mmoja amekunywa chai yangu nzima bila kunitazama usoni.

Hasira yangu haijaisha. Usije ukidhani imeisha. Nina mengi ya kukwambia na nataka niyaseme ukiwa umekaa mbele yangu, unakula, huna pa kukimbilia.

Njoo Jumamosi. Uje mchana, siku ya soko, upite katikati ya watu, usizungukie njia ya nyuma. Wakikuuliza umefukuzwa kwa nini, simama uwaambie, kwa sauti. Nitakuwa mlangoni, nasikiliza.

Mama yako,
Vasta