Kizazi Kizima cha Mbuzi wa Kakuma

Dada Nafula,

Ejok, ndivyo wanavyosalimiana huku. Ni saa mbili tu asubuhi na jua la Kakuma tayari linachoma shingo.

Nakuandikia kutoka kichinjioni. Natafuta kizazi, yaani mfuko wa uzazi, cha mbuzi ambaye mimba zake zilikuwa zikiharibika, na lazima kiwe kizima. Kikwazo ni Mama Akiru, muosha matumbo wa hapa. Kila kizazi anakipasua kwanza, aone kama mwenye mbuzi ameuza mbuzi mwenye mimba, ili amseme mbele ya watu.

Nimembembeleza wiki nzima, anacheka tu. Leo nimemletea chupa yenye kizazi kidogo tulichokiloweka kwenye dawa katika maabara yetu kule Lodwar, mpaka nyama ikawa angavu kama kioo. Ameiinua juani, akafuata kwa kidole mirija inavyojipinda ndani.

"Hii naona mpaka ndani," akasema, "na kisu haijagusa."

Akafuta kisu chake, akanipa kizazi kizima cha mbuzi wa namna niliyoitafuta, kingali na joto. "Kama iko na mtoto, utaniambia. Huyo mwenyewe mimi najua nyumbani kwake."

Dada, kizazi chako madaktari walikitoa baada ya mimba zako kuharibika, wakakikata vipande vyembamba, wakakuambia hawakuona kitu. Hiki nitakiloweka mpaka kiwe angavu, kisha nitakitazama chini ya hadubini kikiwa kizima, pande zote, hata kama macho yataniuma.

Kunywa uji, na mchana ulale kidogo. Nakupenda sana. Na mtu asikuambie tena hakukuwa na kitu. Hawakutazama chote.

Mdogo wako,
Nekesa