Suruali za baharia

Jumanne, 14 Agosti 2018, Doornfontein

Na miezi yote hii nimemwita baharia yule mtoro. Mimi mwenyewe, sura nzima ya tasnifu.

Jioni nilimsomea Mzee Shomari, jirani yangu kutoka Tanga, barua za zamani ninazozichambua kwenye tasnifu. Baharia Mswahili alikamatwa Durban enzi za ukoloni, eti katoroka meli ya mizigo. Mabalozi wadogo wawili wa nchi mbili wakaandikiana wee, kila mmoja akidai yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kuagiza akamatwe. Nilipofika kwenye orodha ya vitu alivyoacha melini, mzee akainua mkono.

"Soma tena hapo, mwanangu."

Suruali mbili, shati, blanketi, viatu.

"Huyo hakutoroka," akasema. Yeye aliwahi kutoroka meli hapo hapo Durban, ujanani. "Begi huwezi kushuka nalo, watakushtukia. Unavaa kila ulichonacho. Mimi nilishuka na suruali tatu mwilini, na jua lile. Mtu akiacha viatu, alikuwa anarudi. Meli ndiyo iliyomkimbia yeye."

Eish, nimeona aibu.

Msimamizi wangu anaitaka sura Ijumaa, na sijui kama atakubali ushahidi wa suruali. Naogopa kidogo. Lakini neno mtoro nimeshalifuta kila mahali, na silirudishi.

Mabalozi waligombania nani amkamate. Hakuna aliyemuuliza viatu vyake viko wapi. Sura itaanzia hapo, miguuni.