Majembe Chini ya Kitanda cha Mama

Jumanne, mwezi wa tatu. Masika imeingia kwa kishindo.

Mvua imeanza kabla ya adhana ya alfajiri na mpaka sasa haijakatika. Nimefunga meza yangu ya maharage sokoni mchana huu, nikarudi viatu mkononi, maana Mtaa wa Swahili umejaa maji hadi kwenye vibaraza. Sasa nimekaa kitandani na nguo mbichi. Nina huzuni na sina wa kumwambia, ndiyo maana naandika.

Asubuhi Bruno alifika. Ni mtoto wa baba yangu mdogo, utingo wa lori linaloleta nafaka kutoka kusini. Habari zote za nyumbani nazipata kwake, na tangu amri ya kuhama itoke yeye ndiye anayenipelekea majembe kwa mama.

Niandike vizuri habari ya majembe haya, nisije nikajidanganya baadaye.

Kwetu ni Umatengo, milimani. Mlima anaoishi mama una makaa ya mawe ndani yake. Tulipokuwa watoto tulikuwa tunaokota vile vijiwe vyeusi kijitoni tunachorea ukutani, na mama alikuwa anatufinya kwa kumchafulia nyumba. Nani angejua kwamba ni mali? Kisha wakaja wapimaji, wakatoboa mashimo membamba, wakapigilia vigingi vya rangi nyekundu, wakaondoka. Hazikupita siku nyingi ikaja amri kwamba kaya zote zishuke kwenye kijiji kipya kando ya barabara. Tuliambiwa ni kwa ajili ya shule na zahanati. Shule naitaka, zahanati naitaka. Ila mlima wa jirani, ambao hauna kigingi hata kimoja, watu wake wameachwa kwanza wajipange taratibu, na kila ninayemuuliza kwa nini ananiambia nisiwe mbishi.

Watu wa mlima wetu walikataa. Hawakupigana na mtu, walilima tu. Afisa mmoja alikuwa amesema mkutanoni kwamba hakuna atakayehamishwa akiwa na mazao shambani mpaka avune, na wao wakalishika neno lake kama lilivyo. Kwetu tunalima ngoro. Wanaume wanafyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, kisha wanawake wanachimba katikati ya kila mraba na kuufukia udongo juu ya majani, mpaka mteremko wote unakuwa vishimo vilivyopangana na mvua haibebi udongo. Upande huu kuna maharage, upande ule mahindi, na kabla mahindi hayajakauka ngoro nyingine imeshachimbwa pembeni. Kwa hiyo kila mkaguzi alipopanda alikuta kitu kinaota. Niliposikia nilicheka peke yangu pale sokoni, wateja wakanishangaa.

Ndipo duka la kijiji likaacha kuwauzia majembe.

Hapo nikaona na mimi nina kazi. Nilikwenda kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani, jirani na hapa Kariakoo, wanaofua majembe kwa springi za magari mabovu, nikachagua yale membamba yanayofaa mteremko. Nilikuwa nafunga mawili matatu kwenye gunia bila mipini, kwa sababu mpini kila mtu anaukata porini kulekule. Bruno alikuwa anayaficha chini ya turubai. Kila lori lilipoondoka nilirudi chumbani kifua mbele, nikijiambia kwamba na mimi nimelima.

Hapa mjini sikumwambia mtu. Kwenye mkutano wa nyumba kumi, balozi wetu akieleza jinsi watu wa mikoani wanavyohamia vijijini kwa furaha, mimi pia nilipiga makofi. Kanisani nilijaribu mara moja kumdokeza mtu wa kwetu. Alitazama pembeni kwanza.

"Dada Osmunda, mimi ni mfanyakazi wa serikali," akasema. "Mambo ya mlima usiniletee."

Toka siku hiyo tukikutana anasalimia huku anatembea. Simlaumu sana, lakini iliniuma. Unaweza kuishi Kariakoo, watu wanapita mlangoni kwako kuanzia asubuhi mpaka usiku, na usiwe na mtu hata mmoja wa kumwambia kinachokukosesha usingizi.

Basi leo Bruno amekuja na hakutaka chai. Nikajua kuna jambo, maana Bruno hajawahi kukataa chai.

"Dada, wameshuka wote," akasema.

Mgambo walikwenda na malori mahindi yakiwa bado mabichi. Lile neno la kusubiri mavuno hakuna aliyekubali kwamba alilisema. Waliezua mapaa ili asirudi mtu, wakapakia vitanda, vyungu na kuku. Walipokibeba kitanda cha mama wakakuta gunia limetandazwa chini, na juu yake majembe yangu. Yote. Hakuna hata moja lililotiwa mpini, bado yana weusi wa moto wa fundi.

Wakamuuliza mama kama ni mlanguzi. Watu wengine madukani hawaoni jembe, yeye anayalalia! Bruno alikuwepo, alikuwa amepanda kumsalimia.

Mama akawajibu, "Ni ya binti yangu. Yuko njiani, anakuja kulima."

Wakacheka, wakayapakia na majembe, wakamshusha barabarani pamoja na wenzake.

Bruno anasema tangu siku hiyo mama anaamka gizani, anapanda mlima peke yake, analima ngoro kule juu, jioni anashuka. Wengine wanaogopa. Nikamuuliza nani anamfyekea majani. Akasema anafyeka mwenyewe. Nikamuuliza nani anachimba naye upande wa pili. Akakuna kichwa, akatazama mvua.

Ngoro si kazi ya mtu mmoja. Tangu zamani tunakwenda kundi zima, leo kwako, kesho kwangu, na jioni tunakunywa pombe ya mwenye shamba huku tunasemana nani mvivu. Siku hizi natoka mikutanoni nikiwa nimefundishwa faida za kufanya kazi pamoja. Na yule aliyenifundisha hasa yuko mlimani anachimba peke yake.

"Amesema usitume jembe tena," Bruno akamaliza.

"Na nini kingine?"

"Basi. Hilo tu."

Kwanza nilikasirika. Nilikasirika na mama. Kwa nini hakuniambia kwamba majembe yanalala? Mimi huku nahesabu mlima mzima unalimwa kwa chuma changu, kumbe alikosa mikono muda mrefu, Bruno anasema vijana walishaanza kushuka mmojammoja, na yeye anapokea tu, anapanga chini ya kitanda, anasema asante. Halafu hasira ikaisha, ikabaki aibu. Angeniambiaje? Mtu anayekutumia jembe amekwishakuonyesha kwamba mwenyewe haji.

Nikasikia upweke wa ajabu, sijui niueleze vipi. Mama peke yake kwenye mahindi yasiyo na nyumba. Mimi peke yangu hapa, ukumbini wapangaji wanacheka na kukaanga vitumbua.

Hapo niliweka kalamu, maana mlango uligongwa. Ni Bi. Zuhura mwenye nyumba. Aliona sijatoka kuwasha jiko.

"Mwanangu, unaumwa?"

Nilitaka kusema ni mafua. Badala yake nilimweleza yote, vigingi, majembe, mapaa, kila kitu, na nikiwa katikati nikaanza kuogopa, kwa sababu Bi. Zuhura hakosi mkutano hata mmoja na kofi lake ndilo la kwanza kusikika. Alisikiliza amesimama, sahani ya vitumbua mkononi. Nilipomaliza hakuniuliza habari ya amri wala ya makaa.

"Sasa mama yako," akasema, "akirudi jioni, nani amemchotea maji?"

Nililia mbele yake, mtu mzima mimi, akaweka sahani kitandani akakaa.

Ameondoka sasa hivi. Mvua imepungua kidogo na najaribu kufikiri kwa akili. Nikienda, meza yangu wiki haiishi atakuwa ameikalia mwingine, na ile meza niliipata kwa kusubiri sana. Mikono yangu imekuwa laini kwa kuchambua maharage, siku mbili tu za ngoro itapasuka. Na huenda tutashindwa. Mitambo inaweza kuja kiangazi ikafukua mahindi, ngoro na kaburi la baba, tukabaki wawili barabarani tunatazama. Naogopa. Sina haja ya kujifanya jasiri kwenye karatasi yangu mwenyewe.

Lakini mama alisimama mbele ya mgambo na majirani zake wote akasema niko njiani. Hajawahi kusema uongo mbele ya watu, na sitaki aanze uzeeni kwa sababu yangu.

Lori la Bruno linarudi kusini Alhamisi. Hapa chini ya kitanda changu kuna jembe moja, lile nililotaka kumpa leo asubuhi. Nitakwenda nalo.

Mpini nitaukata hukohuko.